Nywele zimetoka madoa? Usikimbilie piko

Ndugu msomaji, na hasa wewe mama au dada unayeusoma ukurasa huu ukiwa umejifunga mtandio hata ndani ya nyumba yako mwenyewe, kwa sababu hutaki wifi wala mume aone rangi ya kichwani ilivyotoka. Najua mpo. Mimi ni mwanamke, ni tabibu, na katika chumba ninachotibia watu hapa Mbebe, wilayani Ileje, mitandio huvuliwa. Kwa hiyo nayaona yaliyositiriwa.

Nianze na mmoja, ili nisionekane natisha watu bure. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mama kijana, mwenye watoto wadogo, alikuwa amejipaka nyumbani rangi ya kahawia ya pakiti. Ikatoka vipande vitatu: mashinani rangi ya tofali, katikati nyeusi, na ncha rangi ya kutu. Mumewe akamtania mbele ya watoto. Idd imebaki siku chache, na nguo imeshashonwa. Jirani akamshauri, kwa nia njema kabisa, achanganye hina na piko apake kichwa kizima, kitakuwa cheusi tii na hakuna atakayejua. Piko ikaagizwa Tunduma, unga uliofungwa kwenye kikaratasi, hauna jina wala tarehe.

Usiku ule ule kichwa kikaanza kuwasha. Akavumilia. Asubuhi masikio yakavimba, akajifunga mtandio, akapika futari kama kawaida na tarawehe akaswali. Siku ya tatu ndipo mama mkwe alipomleta, macho yamefumba kwa uvimbe, maji ya kidonda yanachuruzika nyuma ya masikio, na mtandio umegandia kichwani. Ilituchukua karibu nusu saa kuulowesha kwa maji ya dripu ili utoke bila kuondoka na ngozi. Alhamdulillah, koo halikufumba. Lau lingefumba, zahanati haina mashine ya kumpumulisha mtu, na safari ya bodaboda kutoka huku hadi hospitali ya wilaya Itumba, usiku na mvua, si ya mgonjwa asiyepata pumzi.

Sasa tuulizane kwa haki. Yale madoa yalimdhuru nini? Hayakumdhuru chochote. Nywele zenye rangi tatu haziumi wala haziambukizi. Kilichomlaza ni kitu cha pili alichopaka juu ya cha kwanza kwa haraka ya kuficha, na kilichomchelewesha kutibiwa ni ule mtandio. Stara ya nywele tumeamrishwa, lakini kidonda hakikuamrishwa kusitiriwa kwa tabibu, na mwanamke mwenzako akiwepo huna udhuru. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote yafuatayo ni maelezo yake.

Piko ni nini hasa

Wengi wetu tunadhani piko ni hina iliyokolea. Si kweli. Hina ni jani la mti. Linakaushwa, linasagwa, na rangi yake ni ya machungwa inayoelekea wekundu au kahawia, haitoki nyeusi hata ukeshe nayo. Huu unga unaotoa weusi wa makaa ndani ya saa moja aghalabu ni kemikali ya viwandani iitwayo parafenilinidaiamini, kwa kifupi PPD. Ilianza kutumika kupaka nywele huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo imo katika rangi nyingi halali za dukani, kwa kiasi kidogo kilichopimwa. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu izidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani, na hairuhusiwi kabisa kuchorwa kwenye ngozi. Marekani nayo inairuhusu kwa nywele tu. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulika na mzio wa ngozi kiliitaja PPD kuwa kichochezi cha mzio cha mwaka huo.

Sasa linganisha na unga wa kikaratasi, ambao hakuna aliyeupima, na muuzaji mwenyewe anauchota kwa kijiko cha chai. Tangu 2019 vipodozi hapa Tanzania viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini kitu kisicho na jina la mtengenezaji hakijapita mlango wa mtu yeyote. Simlaumu mfanyabiashara wa Tunduma peke yake. Mpaka ule, bidhaa zinaingia na kutoka usiku na mchana, na anayeuza anauza kwa sababu sisi tunauliza.

Wenzetu wa Sudan wanalijua jambo hili kwa machungu. Kule nako wanawake huchanganya hina na unga mweusi ili rangi ikolee upesi, na madaktari wa Khartoum wamekuwa wakiandika habari za sumu hii tangu miaka ya 1980: watu waliovimba uso na shingo hadi ikabidi watobolewe koo wapate hewa, na wengine figo zao zikasimama. Wengi wa wagonjwa mahututi waliinywa, kwa kukusudia au watoto kwa bahati mbaya. Dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini haipo. Kwa hiyo kama kikaratasi kimo ndani mwako sasa hivi, juu ya kabati au chini ya godoro, mtoto asikifikie.

Jambo jingine ambalo akina mama hawalijui, na mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipokwenda chuo cha utabibu, ni kwamba mwili huikumbuka PPD. Yule mama nilipomhoji vizuri alisema siku ya harusi yake alichorwa piko mikononi, na maua yote yakageuka malengelenge. Yakapona, akasahau. Mwili haukusahau. Mara ya pili kemikali ile ile ilipofika, tena kichwani, tena nyingi, mwili uliipokea kama adui anayemfahamu. Kwa hiyo binti aliyechorwa piko mkononi akiwa na miaka tisa ili apendeze kwenye picha za arusi ya shangazi anaweza kulipia akiwa na miaka thelathini, na mzio huo kwa kawaida haumwachi tena maisha yake. Mtu wa namna hii hata baadhi ya dawa za ganzi na za salfa zinaweza kumletea shida, basi amwambie tabibu mapema, asingoje kuulizwa.

Mbona rangi haikai sawa

Hapa nitasema kidogo kwa sababu ukielewa chanzo hutahangaika. Nywele za kichwa kimoja hazina umri mmoja. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo nywele ya urefu wa kiganja ina karibu mwaka, na ncha yake imeshapigwa jua, imeshachomwa na chanuo la moto, huenda imeshapitiwa na dawa ya kulainisha mara mbili tatu. Ncha ya namna hiyo imekuwa kama kitambaa kikuukuu, inanyonya rangi kupita kiasi. Mashina ni mapya na yako karibu na joto la kichwa, nayo yanashika kwa namna yake. Mvi nazo zina ubishi wao. Ukipaka rangi ile ile, kwa muda ule ule, juu ya vitu vitatu tofauti, utapata rangi tatu. Kosa si lako wala si la rangi.

Na ndiyo maana kurudia kupaka kichwa kizima hakusaidii. Ncha iliyokwisha kunywa inakunywa tena, tofauti inabaki pale pale, ila sasa nywele zimechoka zaidi.

Dawa ya kwanza basi ni ya bure, nayo ni kungoja wiki mbili. Osha kwa sabuni ya kawaida ya nywele, paka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, suka mistari au mabutu. Rangi nyingi za pakiti hupungua ukali kwa kuoshwa, na mara nyingine madoa yaliyokuliza yanakuwa si kitu. Nywele zilizosukwa zinachanganya rangi zenyewe, na ninyi wasusi mnalijua hili kuliko mimi. Dawa ya pili ni mkasi. Ncha za rangi ya kutu ni nywele zilizokufa, kata vidole viwili, umemaliza theluthi ya tatizo bila kutoa hata senti.

Ikiwa baada ya hapo bado hujaridhika, tumia hina tupu. Nasema tupu, ile ya kijani inayonukia majani, isiyoandikwa kuwa nyeusi wala kahawia wala burgandi. Kwanza ijaribu kwenye ngozi: kidole kimoja cha hina iliyokorogwa nyuma ya sikio, kisha ungoje siku mbili. Wakati unangoja, chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo, zifunge kwa uzi, zipake hina, uone zitatoka rangi gani kabla ya kukihusisha kichwa. Jaribio hili halikugharimu kitu na litakuepusha na majuto mengi.

Koroga na maji ya uvuguvugu au chai ya rangi iliyokolea, na ndimu kidogo tu kwa sababu nyingi inauma ngozi. Iache masaa kadhaa iumuke. Kisha usipake kichwa kizima kama unavyopiga lipu ukuta. Ncha zilizokolea zipake mafuta ya nazi ili zisinywe tena. Hina ianze kwenye sehemu zilizopauka, mashina au yale madoa, ikae saa moja au mbili peke yake. Halafu nusu saa ya mwisho ndiyo uipitishe kichwani kote ili mipaka ifutike. Funga kwa mfuko wa nailoni, maana hina ikikauka haishiki. Osha. Usiihukumu rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu hina huendelea kukolea siku mbili baadaye. Ikibaki ya machungwa mno, rudia baada ya wiki, kila mara inazama kuelekea kahawia. Wanaotaka weusi bila piko huifuatishia unga wa majani ya mnili, ambao maduka machache ya dawa za Kihindi mijini huuza. Lakini jamani, ule si buluu ya kufulia. Nimeshamwona aliyepaka buluu. Sitasema alitokaje.

Kama tatizo lako ni kinyume, yaani rangi imekuwa nyeusi kupita ulivyotaka, huna la kufanya nyumbani ila kungoja na kukata. Jiki ya kufulia inayeyusha unywele wenyewe. Na dawa za saluni za kufubaza rangi zikikutana na hina iliyochanganywa na chumvi za madini, ambayo huwezi kuitambua kwa macho, nywele zinaweza kuchemka na kutoa joto kichwani au kugeuka kijani. Gharama ya kutibu kichwa kilichoungua itapita gharama ya kilemba kizuri cha kuvaa miezi minne.

Kuna rangi isiyo sawa ambayo haitaki rangi nyingine. Kichwa cha mtoto kikianza kuwa chekundu, nywele laini kama za mahindi mabichi, au unywele mmoja una pingili nyekundu na pingili nyeusi, huyo mtoto hakupauka kwa jua. Pingili nyekundu ni miezi aliyokosa chakula cha kujenga mwili. Nimeletewa mtoto aliyepakwa hina ili wekundu usionekane. Mletee maharage, dagaa, yai, maziwa, na kwanza kabisa mlete kliniki, hasa akivimba miguu. Mikoa yetu hii ya nyanda za juu inalisha taifa, na bado utafiti wa afya wa 2022 ulikuta Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ambapo kwa taifa zima ni asilimia 30. Na mtoto mchanga asipakwe hina mwilini wala kichwani hata kwa aqiqa, kwa sababu wapo wenye upungufu wa kurithi katika damu ambao hina huwavunjia chembe nyekundu, na upungufu huo si adimu kwetu. Vilevile doa la mviringo lililonyonyoka na lenye magamba ni mapunye, linataka dawa ya kumeza na linaambukiza nyumba nzima kwa chanuo moja.

Kuhusu dini nitasema kwa adabu, mimi nilihitimu madrasa lakini si mufti. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abubakar (R.A.), kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe pe, na Mtume (S.A.W.) akaagiza vibadilishwe rangi na weusi uepukwe. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa hina na katam ndizo bora za kubadilishia mvi. Wanazuoni wetu wamekhitilafiana kuhusu weusi, wako waliouharamisha, waliouchukia, na waliomruhusu mke kwa idhini ya mumewe, basi muulizeni sheikh wa msikiti wenu. Ninachokiona mimi kama tabibu ni kwamba kile tulichoelekezwa hakijawahi kunijazia chumba, na kile chenye khitilafu kinajaza. Kwa upande wa josho, hina huacha rangi tu na maji hupenya. Rangi za kupuliza zinazoacha gamba juu ya unywele ni suala jingine, zinakuzuilia maji, ziondoe kabla ya kuoga janaba au hedhi.

Na ninyi akina baba msijifanye hamumo. Ndevu zenye hina chini na piko juu tunaziona msikitini, na mdomo uliovimba siku ya Ijumaa tunautibu. Lakini kubwa zaidi ni ule utani. Mke akitoka na kichwa cha rangi tatu, alikipaka kwa ajili yako. Ukimcheka, atakwenda kutafuta kikaratasi. Ukimwambia angoje, atangoja. Na siku akisema kichwa kinawasha, toa nauli kwanza, maswali baadaye.

Ukishapaka kitu chochote na kichwa kikaanza kuwaka, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi, usiongeze mafuta wala majivu wala dawa ya meno. Ukiona macho yanavimba, sauti inabadilika, pumzi inakuwa nzito, ulimi unajaa mdomoni, usimeze piritoni ukalala, nenda zahanati saa hiyo hiyo na ule unga uubebe tuuone. Mtu aliyeinywa piko, au ambaye baada ya kuipaka anaona misuli inauma na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, huyo ni wa hospitali kubwa, kila saa anayokaa nyumbani figo zake zinalipa.

Yule mama alirudi baada ya miezi minne. Aliingia, akafunga mlango, akavua mtandio mwenyewe bila kuambiwa. Nywele zilikuwa fupi, vidole viwili, nyeusi zake za kuzaliwa, isipokuwa juu ya sikio la kushoto ambako ngozi imebaki na kovu na hazijaota. Alitaka kujua kama hina tupu inamfaa kwa sababu ameanza kuona mvi. Nikampaka kidogo nyuma ya sikio lile zima, nikamwambia arudi baada ya siku mbili.